Saa ikizimika mbele ya kazi kuisha: tusiitupe, tuulize nani aliibadilisha

Siku hizi kwenye mashimo ya huku milima ya Bijombo kuna lawama moja inarudi. Kijana alinunua saa ya mkono, ile inayoshikana na telefone. Alikuwa anaitia moto siku ya posho, inafika Jumatano ingali hai. Kiisha siku moja akashuka Uvira, akapata rezo nzuri, telefone ikamuuliza kama anakubali "mise à jour", naye akabonyeza ndiyo bila kusoma. Kutoka siku ile saa yake inazimika saa sita ya mchana. Jirani anamwambia batri imekufa, ununue ingine. Muuzaji anamwambia vile vile, na muuzaji iko na sababu yake ya kusema hivyo.

Mtu atauliza: sindika ya wachimbaji inaingia wapi ndani ya mambo ya saa? Tunajibu: inaingia mlangoni kabisa. Kwetu saa si pambo. Anayebaki juu ya shimo ndiye anahesabu muda wa walio chini. Tuliona ekipi moja ambamo mwenye kuhesabu alitegemea saa yake ya mkono peke yake. Ikazimika. Mawingu yalikuwa yamefunika jua, hakuwa na telefone karibu, akaendelea kukadiria kichwani. Walio chini wakapitisha zamu yao mbali. Walitoka wote wazima, Mungu asifiwe, lakini mikono ya wawili haikuwa tena na nguvu ya kushika kamba. Yule kijana aliomba msamaha jioni nzima sawa vile kosa lilikuwa lake. Sisi tunasema: alikosa kutegemea kitu kimoja tu, na hapo tulikosa sisi wote. Lakini saa yenyewe si yeye aliyeibadilisha.

Tena kuna makuta. Waya wa SNEL haufiki huku juu, moto tunaununua kwa mwenye pano ya jua. Tuseme kuchaji mara moja ni franka 500. Saa iliyokuwa inachajiwa mara mbili kwa juma ilikula franka 1000. Ikianza kuchajiwa kila siku inakula 3500. Ni franka 2500 zaidi kila juma, franka 10.000 kwa majuma 4. Kwa mama anayehesabu unga na sabuni, ile si pesa ya mchezo.

Basi tuanze na kuelewa. Saa hii ni kompyuta ndogo. Batri yake nayo ni ndogo: nyingi zina kati ya milliampere-saa 250 na 500, hali telefone za leo zinafika 4000 ao 5000. Ndani ya chungu kidogo, mwizi mdogo anaonekana haraka. Programu mpya ikiingia, mambo matatu yanaweza kutokea. La kwanza, saa inapanga upya vitu vyake kwa siku moja ao mbili, na kazi ile inakula moto. La pili, vitu ulivyokuwa umefunga vinaweza kufunguka tena bila wewe kujua: mwanga mkali, kioo kisicholala, kupima moyo kila dakika. La tatu, programu yenyewe inaweza kuwa na kosa la mafundi walioitengeneza. Mambo yote matatu yanaweza kutokea bila batri kufa.

Kwa hiyo, mbele ya kutoa franka moja, tufanye hivi, kwa mpango.

Kwanza, zima saa kabisa, kiisha iwashe. Kufunga kioo si kuzima. Ijaze moto mpaka mwisho, ungoje siku mbili. Mara nyingi shida inaisha hapo peke yake.

Pili, tazama ile programu ya saa iliyo ndani ya telefone. Ikiwa saa imepata programu mpya na telefone imebaki na ya zamani, zinaweza kuanza kupoteana na kutafutana mchana kutwa. Sasisha na ya telefone pia.

Tatu, ingia mahali palipoandikwa "Paramètres" ao "Réglages", kiisha "Batterie". Saa nyingi zinaonyesha pale ni kitu gani kinakula moto. Punguza mwanga. Funga kioo kinachowaka wakati wote. Funga kuwaka kila mara unapoinua mkono, maana mwenye sururu anainua mkono mara mia kwa saa moja. Funga kupima moyo bila kupumzika, kupima usingizi na GPS kama huvitumii. Acha ujumbe wa wale unaowahitaji tu, wengine watakungoja.

Nne, na hii inatuhusu sisi kuliko watu wa mji: unapoingia shimoni na telefone imebaki kambini, saa inaendelea kuitafuta. Ardhi inazuia, nayo haichoki, inatafuta tu mpaka moto unaisha. Mbele ya kushuka, weka saa katika "mode avion". Itaendelea kuonyesha wakati na kuhesabu dakika. Ukitoka, ifungue tena. Telefone nayo iko na ugonjwa ule ule: ukiwa bondeni pasipo na rezo, inaita minara usiku na mchana. Iweke "mode avion" mpaka ufike mahali rezo inapatikana.

Tano, kama bado, achanisha saa na telefone, uziunganishe upya. Dawa ya mwisho ni kuirudisha sawa ilivyotoka dukani, pale palipoandikwa "Réinitialiser". Hiyo inafuta yote yaliyo ndani, basi hakikisha kwanza yameingia kwenye telefone.

Sita, siku unayoshuka tena mahali pa rezo, tazama kama kuna programu ingine iliyotoka kusahihisha ile ya kwanza. Jambo hili limekwisha kutokea hata kwa wakubwa. Apple ilitoa programu ya saa zake, watchOS 10.1, tarehe 25 Oktoba 2023. Wenye saa wakapiga kelele kwamba moto unaisha upesi. Tarehe 7 Novemba, siku 13 tu kiisha, kampuni ikatoa watchOS 10.1.1 na kuandika yenyewe kwamba inasahihisha shida ya batri. Aliyekimbilia kununua saa ingine ndani ya zile siku 13, alinunua bure.

Ukimaliza yote haya na hakuna badiliko, sasa unaweza kuishuku batri, zaidi kama saa imemaliza miaka. Ikianza kuvimba ao kuinua kioo, acha kuichaji, usiitoboe, usilale nayo, usiingie nayo shimoni. Na tusiache saa ao telefone zichomwe na jua pamoja na pano wakati wa kuchaji: joto linaua batri kuliko kazi. Pano ikae juani, chombo kikae kivulini.

Hiyo ni dawa ya mkononi. Lakini sindika haiwezi kuishia kwenye dawa ya mkononi, juu kuna neno la haki hapa.

Sisi tunaujua mzani. Kila mchimbaji anajua uchungu wa kufika kwa negosia na kukuta mzani umeguswa. Sasa fikirini mtu amekuuzia mzani, umelipa, uko nyumbani kwako. Usiku anaingia bila kubisha, anageuza mawe yake, asubuhi anakuambia nimekuletea mzani bora. Unaweza kuwa bora kweli. Lakini ni wako, na alipaswa kukuambia amegusa wapi. Saa na telefone zetu ziko namna hiyo: umenunua chuma, lakini roho yake bado iko mkononi mwa aliyeitengeneza.

Tusiseme kwamba hakuna wa kumuuliza. Mwaka 2017 Apple iliingiza ndani ya iPhone za zamani programu iliyopunguza mwendo wake pale batri inapochoka. Kampuni ilisema ni kuzuia telefone kuzimika ghafla, na sababu hiyo ilikuwa na maana. Kosa ni kwamba wenye telefone hawakuambiwa waziwazi. Wengi walifikiri telefone imezeeka, wakanunua ingine. Siri ilitokaje? Mwenye telefone mmoja alibadilisha batri na kuona mwendo umerudi, akawaambia wengine. Mtaalamu wa Kanada, John Poole, akalinganisha vipimo vya telefone nyingi mbele na nyuma ya programu ile, picha ikaonekana. Desemba ya mwaka ule kampuni ikakubali, ikaomba radhi, na ikashusha bei ya kubadilisha batri kutoka dola 79 mpaka 29. Mwezi wa pili 2020, DGCCRF, idara ya serikali ya Ufaransa inayolinda wanunuzi, ikaitoza Apple euro milioni 25 juu haikuwajulisha watu. Mwaka ule ule, huko Marekani, kampuni ikakubali kulipa mpaka dola milioni 500 kumaliza kesi ya wenye telefone.

Tazameni silaha yao ilikuwa nini. Haikuwa bunduki wala mawe. Walipima, waliandika, walilinganisha, wakasema kwa sauti moja. Ile ndiyo kazi ya sindika toka zamani. Mtu mmoja akilalamika wanasema batri yake mbaya. Watu kumi wenye saa ya namna moja wakionyesha kwamba zote zilianza kuzimika juma lile lile, nani atasema batri kumi zilipatana kufa pamoja?

Kwa hiyo tunaomba mambo manne.

Ninyi wenye saa: mkikubali programu mpya, andikeni tarehe. Andikeni moto ulikuwa kiasi gani asubuhi na kiasi gani saa sita, siku tatu. Daftari la shule linatosha. Na msikubali programu mpya usiku wa kuamkia kazi, maana mara nyingi hakuna njia rahisi ya kurudi nyuma. Fanyeni siku ya mapumziko, moto ukiwa umepita nusu. Hatusemi mkatae zote. Programu nyingi zinafunga matundu ambamo wezi wanapita, na telefone yenye M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money inahitaji kufungwa vizuri. Tunasema: kubali ukijua.

Ninyi wauzaji wa Uvira: mteja akija na saa inayozimika, mjaribu kwanza kuizima, kuiunganisha upya na kutazama programu. Fundi anayesema ukweli atapata wateja kumi kwa mmoja aliyempoteza.

Ninyi PDG wa mashimo na wakubwa wa koperative: uhai wa watu usining'inie kwenye saa ya kijana mmoja. Kila ekipi iwe na saa ya kawaida ya mishale pale juu, watu wawili wa kuhesabu, na kamba ao kengele ya kuita. Tena mtu asidanganyike kwamba saa ya mkono itamwonya. Ile inayopima moyo ao oksijeni ya damu haipimi hewa ya shimo. Hewa mbaya haingoji saa itetemeke.

Na ninyi makampuni mnaotengeneza vyombo hivi: mtuambie mbele, kwa maneno mafupi, programu mpya itabadilisha nini na itakula moto kiasi gani. Mtupe njia ya kurudi nyuma ikiwa imeharibu. Mkumbuke kwamba siyo kila mnunuzi anakaa karibu na waya wa umeme.

Tunayo haki ya kusema hivyo, na siyo haki ya mnunuzi peke yake. Kasiterite inatoa bati linalounganisha vipande ndani ya saa na telefone. Koltani inatoa tantalum inayokaa katika vipande vidogo vya kutunza umeme. Wolfram inaingia katika uzito mdogo unaotetemesha chombo mkononi. Dhahabu inapitisha umeme mahali pasipotakiwa kutu. Madini hayo yote manne yanatoka katika udongo wa Kivu, na mwenye sururu anajua yalivyo mazito mgongoni. Saa inayotupwa juu ya kosa la programu ni jasho la mchimbaji limetupwa kwenye takataka, kiisha mchimbaji mwingine anatumwa chini kutafuta ya kuweka mahali pake.

Basi, kijana wetu, usiitupe ile saa bado. Izime, iwashe, ifungie vinavyokula moto, andika kwenye daftari, halafu lete daftari kwenye kikao. Tutaweka kurasa zetu pamoja. Na ile saa ya mishale, mbele ya zamu ya kwanza ya juma lijalo, tuikute imetundikwa pale juu ya shimo.