BUSTANI YA NYUMBANI: Miche ya Nchi ya Joto Katika Baridi ya Kigezi

Amri ya uhamisho haiulizi majira ya mwaka. Askari aliyekaa miaka minne Jinja, Tororo au Gulu huitwa ofisini, hupewa karatasi yake, na baada ya siku chache lori limesimama mbele ya nyumba. Masufuria hufungwa, magodoro hukunjwa, na mwisho kabisa mama wa nyumba hupanga pembeni mwa lori makopo yake ya miche: mipapai mitano aliyoiotesha kwa mbegu za tunda tamu kuliko mengine yote, machipukizi matatu ya mgomba wa ndizi sukari, mche wa mwembe, pengine na mpera mdogo. Safari ni ndefu, lakini miche hufika Kabale ikiwa hai. Hupandwa mwezi wa Machi mvua zinapoanza, na hadi Mei hustawi kiasi cha kuwashangaza majirani.

Kisha huja Juni. Mvua hukatika, anga huwa safi, na asubuhi moja majani ya mpapai hukutwa yamelegea kama mboga iliyomwagiwa maji ya moto. Kufikia saa sita mchana yamekuwa meusi. Hapo ndipo maneno huanza. Huyu husema miche imetiliwa dawa na mwenye wivu, yule humlaumu mtoto aliyemwaga maji ya sabuni. Watu hununiana kwa sababu ya mpapai. Aliyefanya uharibifu huo ni jalidi, yaani umande ulioganda, na hasara yake si ndogo kwa nyumba inayotegemea mshahara mmoja. Mpapai ule ungeanza kuzaa katika mwaka uliofuata. Sasa matunda ya watoto yatanunuliwa sokoni kwa fedha taslimu.

Wengi huamini kwamba Uganda, kwa kuwa iko katikati ya dunia, haijui baridi ya kuua mimea isipokuwa juu kabisa ya milima ya Rwenzori na Elgon. Imani hiyo husahau mwinuko wa nchi. Kampala iko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Kabale unakaribia mita 1,900, huku vilima vinavyouzunguka vikizidi hapo. Kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda, joto hupungua kwa kadiri ya nyuzi sita za Sentigredi. Ndiyo maana koti kubwa lililokaa sandukuni miaka yote ya Tororo hupata kazi Kigezi.

Hata hivyo, mwinuko peke yake hautoshi kuleta jalidi. Mchana ardhi hupokea joto la jua, na usiku hulirudisha angani. Mawingu yakiwapo, huizuia sehemu kubwa ya joto hilo, mfano wa blanketi juu ya mtu aliyelala. Mwezi wa Juni na wa Julai blanketi hilo huondolewa. Nyota huonekana zote, upepo hutulia, hewa huwa kavu, na ardhi huendelea kupoa mpaka karibu na macheo. Hewa iliyo chini, palipo na mchicha na miche, hupoa kuliko ile iliyo kwenye kimo cha kichwa cha mtu mzima. Kwa hiyo kipimajoto kilichotundikwa ukutani kinaweza kuonyesha nyuzi tatu au nne, na papo hapo majani yaliyo karibu na udongo yakawa yamefikia kiwango cha kuganda.

Jambo la pili ni kwamba hewa baridi ni nzito, nayo hutiririka kama maji. Huteremka mlimani polepole, hujikusanya bondeni, na ikikuta ukuta au ua mnene hutuama hapo. Katika kambi moja iliyojengwa mteremkoni, mstari wa chini wa bustani waweza kufa wote na mstari wa juu usiguswe. Tena mwenye bustani ya chini akashuku kwamba mwenzake wa juu ana kinga ya siri. Mabonde ya Kigezi yana sababu ya ziada. Zamani mengi yalikuwa mabwawa ya mafunjo, na tangu miaka ya 1940 sehemu kubwa ilitolewa maji ili kupata mashamba. Bwawa hutunza joto la mchana na kuliachia usiku. Udongo mkavu ulio wazi hauwezi kufanya hivyo kwa kiasi kile. Anayekodi kipande bondeni, alime viazi ulaya au kabichi kwa sababu udongo ni mweusi na wenye rutuba, yampasa ajue kwamba rutuba na jalidi vimekaa mahali pamoja.

Mimea nayo haistahimili sawasawa. Kabichi, karoti na vitunguu havitishiki. Asili yao ni nchi za baridi. Viazi ulaya huungua majani, lakini vilivyo chini ya udongo hubaki, na shina changa huweza kuchipua tena. Maharagwe, maboga, nyanya na viazi vitamu hufa majani upesi. Miongoni mwa miti ya matunda, mpapai ndio dhaifu kupita yote, kwa kuwa shina lake ni laini, lina uwazi ndani na limejaa maji. Mwembe mchanga hufuata. Mparachichi hutegemea ukoo wake: ule wenye asili ya milima ya Meksiko huvumilia baridi kali kuliko wenye asili ya pwani za joto.

Mgomba una tabia yake. Huumia hata kabla maji hayajaganda, kama ndizi inavyogeuka nyeusi ndani ya friji, ilhali friji haijaigandisha. Baridi inapodumu usiku baada ya usiku, mgomba hukua polepole mno, majani hubanana juu, na pengine mkungu hukwama shingoni ukashindwa kutoka vizuri. Wenyeji wa Kigezi wana migomba yao iliyozoea milima, na mgeni mwenye busara huwaomba machipukizi ya hiyo badala ya kung'ang'ania ile aliyoizoea kwao. Ndizi sukari ya nyumbani ni tamu, lakini haikuumbiwa Kabale.

Kinga ya kwanza ni mahali pa kupanda. Mpapai na mwembe vipandwe upande wa juu wa uwanja, karibu na ukuta wa matofali, kwa sababu matofali hupokea joto mchana na kulitoa usiku. Mwezi wa Juni na wa Julai jua la huku hupita upande wa kaskazini, hivyo ukuta unaotazama kaskazini na magharibi ndio unaopata joto la alasiri kwa wingi. Ua wa upande wa chini uachiwe mwanya, hewa baridi ipate njia ya kuendelea na safari yake. Kuanzia mwanzo wa Mei miche isipewe mbolea ya chumvichumvi yenye kukuza majani, wala isikatwe matawi, maana machipukizi mororo ndiyo hufa kwanza.

Kuhusu matandazo, yaani nyasi zinazotandazwa juu ya udongo, hapa mafundisho ya kawaida yanahitaji kurekebishwa kidogo. Mabwana shamba wamefundisha miaka mingi, na kwa haki, kwamba nyasi hizo huhifadhi unyevu wakati wa kiangazi. Lakini usiku wa jalidi huzuia pia joto la udongo lisipande kwenye majani. Udongo ulio wazi, ulioshikana na wenye unyevu, huwapa majani joto zaidi kuliko udongo uliofunikwa au uliolimwa karibuni ukabaki mkavu. Kwa hiyo, katika matuta ya nyanya na maharagwe, nyasi zisogezwe pembeni siku dalili zinapoonekana, na udongo umwagiliwe asubuhi ili upate mchana mzima wa kuota jua. Kwa mgomba ni kinyume chake: kinachotakiwa kuokolewa ni kitunguu chake kilicho ardhini, si majani, basi nyasi zibaki, na hata kuongezwa.

Dalili zenyewe hazihitaji chombo cha thamani. Askari wa lindo la usiku anazijua kuliko mtu yeyote: nyota zimejaa, bendera imelala mlingotini, pumzi inaonekana mdomoni, na chuma cha bunduki kinachoma vidole. Nyumbani, sahani ya bati yenye maji kidogo ikiachwa juu ya majani mafupi itatoa ushahidi asubuhi. Usiku uliotangulia jalidi ya kwanza aghalabu hufuatwa na mwingine kama huo, hivyo aliyekuta utando wa barafu sahanini asingoje wiki ijayo.

Kufunika ndiko kunakookoa zaidi. Hufaa magunia, shuka kuukuu, mikeka mibovu, majani makavu ya mgomba na mabua. Vifuniko viwekwe jua linapokaribia kuzama, wakati udongo ungali na joto, na vifike chini kabisa, pembezoni vibanwe kwa mawe. Wengi hukosea hapa: hukifunga kitambaa shinani kama mtu anayefunga mzigo, ikawa joto la udongo limeachwa nje ya kifuniko. Gunia ni la kulinasa joto linalopanda kutoka ardhini, kwa vile mche hauna joto lake wenyewe kama mwili wa mtoto. Nailoni ikitumika isiguse majani, kwa sababu yanapoigusa huganda hapo hapo, iwekewe fito. Miche midogo hufunikwa kwa debe, ndoo au sufuria. Blanketi la serikali lenye namba lisipelekwe bustanini, kwani ofisa wa stoo hatapokea maelezo juu ya mpapai. Asubuhi, jua likishapanda, kila kitu kiondolewe, la sivyo mimea itanyimwa joto la mchana inalolihitaji usiku unaofuata.

Ipo desturi ya kuwasha moto wa majani mabichi ili moshi ufunike bustani. Moshi huo hausaidii sana, kwa kuwa hauzuii joto kama yanavyozuia mawingu. Kinachosaidia ni joto lenyewe la moto. Tena mioto midogo mingi hushinda mmoja mkubwa, ambao hupeleka hewa yake ya moto juu moja kwa moja na kuvuta baridi kutoka pembeni. Lakini katika kambi, penye nyumba zilizosongamana na stoo za mafuta na risasi, moto wa usiku usioruhusiwa hauna nafasi hata kidogo.

Hatari iliyo kubwa zaidi huingia nyumbani. Miche iliyo katika makopo huweza kulazwa ndani ya nyumba, na hilo ni jambo jema. Ila katika usiku huo huo wa baridi, jiko la makaa nalo huingizwa chumbani ili watoto wapate joto, mlango ukafungwa na nguo zikazibwa penye nyufa. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo humchukua aliyelala bila kumwamsha. Familia nzima zimekufa kwa namna hiyo katika nchi nyingi. Jiko likishapika hutolewa nje na kubaki nje, hata kama linawaka vizuri, hata kama mtoto analia baridi. Mtoto aongezewe nguo, alale kati ya wazazi wake.

Kuhusu kumwagia maji usiku, huko Florida, Marekani, wakulima wa michungwa na stroberi hunyunyizia maji kwa mashine usiku wa jalidi. Maji yanapoganda hutoa joto, kiasi cha kalori 80 kwa kila gramu, na joto hilo huilinda mimea. Sharti lake ni kwamba maji yaendelee bila kukatika mpaka barafu inayeyuka asubuhi. Yakikatika, madhara huzidi yale ya kutofanya lolote. Mwenye ndoo mbili na bomba la pamoja asijaribu.

Tena si wenye bustani ndogo tu wanaopata hasara. Mwezi wa Julai 1975 jalidi iliikumba Parana, nchini Brazili, ikaangamiza mamia ya mamilioni ya mibuni, na bei ya kahawa duniani ikapanda vikubwa kufikia 1977; mkulima wa Masaka au Bugisu aliusikia usiku huo wa Brazili katika bei. Januari 2012 ilikuwa zamu ya Kenya, majani ya chai yalipounguzwa Kericho na Nandi.

Jalidi ikishapiga, mkono uzuiwe usikimbilie panga. Majani meusi yanachukiza macho, lakini hukinga yaliyo chini yake usiku unaofuata, na mapema hivyo hakuna awezaye kujua tawi lipi limekufa. Mwembe na mparachichi vingojewe mpaka vichipue, ndipo kavu ikatwe. Mgomba ukiona jani jipya linajitokeza katikati, shina libaki. Lisipotokea kwa wiki kadhaa, likatwe, na chipukizi moja lenye nguvu lichaguliwe kuurithi. Viazi vitamu vilivyoungua shinani vichimbwe mapema, visije vikaoza. Mpapai hubonyezwa kwa kidole gumba kuanzia juu kushuka: palipo pagumu hukatwa kidogo juu yake na uwazi wa shina hufunikwa kwa kopo ili maji yasiingie. Uliolainika hadi chini hung'olewa, na shimo lake hutiwa samadi na kuachwa mpaka mvua za Septemba.