Majina ya wapagazi yaanze kuandikwa Mwanza

KUTOKA IGOMA
Na Masanja Kulwa

Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari Waafrika waliopigana upande wa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza na ambao bado walikuwa hai. Dirisha la malipo likafunguliwa hapa Mwanza. Walioandika habari za vita hiyo wanasimulia kwamba walijitokeza wazee wapatao 350, na waliokuwa na vyeti ni wa kuhesabu. Wengine walikuja na vipande vya sare zilizochakaa, wengine mikono mitupu. Ofisa wa benki akatafuta njia: kila mzee akakabidhiwa ufagio, akaamriwa kwa Kijerumani aushike kama bunduki na afuate amri za gwaride. Inasimuliwa kwamba hakuna hata mmoja aliyeshindwa, miaka 46 baada ya vita kwisha.

Kila nikikutana na habari hii namfikiria mtu ambaye hakuwamo kwenye foleni ile. Mpagazi angepewa ufagio aonyeshe nini? Hakufundishwa gwaride. Hakupewa sare ya kutunza sandukuni. Alitwishwa mzigo wa kilo 25 hivi, akaambiwa atembee.

Wanafunzi wetu hukariri chanzo cha vita hiyo: mauaji ya Sarajevo ya Juni 28, 1914, mashindano ya mataifa makubwa, mikataba ya kulindana. Ni sawa wajue. Lakini waambiwe pia kwamba makubaliano ya Berlin ya 1885 yaliacha mlango wazi kwa makoloni ya ukanda huu kutoingizwa katika vita vya Ulaya, na kwamba gavana wa koloni la Wajerumani huku, Heinrich Schnee, alitaka likae nje. Agosti 8, 1914 manowari za Waingereza zilishambulia Dar es Salaam kwa mizinga. Naye kamanda wa jeshi la Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, hakuwa na nia ya kukaa nje hata kidogo. Shabaha yake ilikuwa kuwashikilia huku askari wengi wa adui kadiri ilivyowezekana, wasipelekwe Ulaya. Kwa maneno mengine, nchi yetu yote iligeuzwa mahali pa kumpotezea adui muda. Gharama ya muda huo walilipa wakulima.

Kwenye Ziwa Victoria vita ilifika mapema. Kisumu ilikuwa na reli tangu 1901, kwa hiyo Waingereza walikuwa na meli na njia ya kuleta vikosi. Juni 1915 waliivamia Bukoba na kuangusha mnara wa simu ya upepo wa Wajerumani. Juni 1916 wakachukua Ukerewe. Julai mwaka huohuo kikosi cha Brigedia Charles Crewe kilishuka ufukweni mashariki ya mji wetu, kikauendea kwa miguu, na Julai 14 Mwanza ikawa mikononi mwa Waingereza. Wajerumani walirudi nyuma kuelekea Tabora, na Septemba 19 Wabelgiji wakaingia Tabora.

Tazama ramani ya safari hiyo. Kutoka Mwanza hadi Tabora hakukuwa na reli, maana treni ya kwanza kufika Mwanza ilikuja 1928. Farasi na nyumbu walikufa kwa ndorobo. Kilichobaki ni kichwa na bega la binadamu. Pande zote mbili zilichukua watu vijijini, na pande zote mbili zilichukua ng'ombe na nafaka.

Kwa nini walihitajika wengi kiasi kile? Piga hesabu mwenyewe. Mpagazi amebeba kilo 25 za unga. Naye ni mtu, lazima ale, tuseme kilo moja kwa siku. Akitembea siku kumi kwenda na kumi kurudi, ameshakula kilo 20. Kinachomfikia askari ni kilo tano. Kila jeshi liliposonga mbele, ndivyo mnyororo wa wabebaji ulivyorefuka, na ndivyo wabebaji wenyewe walivyopunjwa chakula ili askari wapate.

Na chakula chenyewe kiliwaua. Mtu aliyezoea ugali wa mtama au uwele alipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, na porini hakukuwa na muda wala kuni kavu za kuuivisha. Kuhara damu kukawamaliza. Waliovuka nyanda za baridi wakiwa na blanketi moja walikufa kwa homa ya mapafu. Hawa hawakuuawa na risasi, na nadhani ndiyo maana imekuwa rahisi kuwaacha nje ya hadithi ya vita.

Wanahistoria hukadiria kwamba upande wa Waingereza peke yake uliwatumia wapagazi wapatao milioni moja katika Afrika Mashariki. Hesabu rasmi ya waliokufa ni kama 45,000, na wengi wanaamini idadi halisi inakaribia 100,000. Hapo sijawagusa waliobebeshwa na Wajerumani, ambao hesabu zao ni hafifu zaidi. Ongeza njaa ya Mtunya iliyowashika Wagogo kati ya 1917 na 1920 baada ya majeshi kuwapokonya ng'ombe na nafaka. Kisha yakaja mafua makali ya 1918. Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Abercorn, Mbala ya leo, Novemba 25, 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kuacha kupigana. Baadaye wakubwa wakagawana: Rwanda na Burundi kwa Wabelgiji, sisi kwa Waingereza chini ya Shirika la Mataifa. Aliyebeba hakuulizwa.

Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927, inaonyesha mwenye bunduki. Mpagazi ametajwa kwenye maandishi ya chini tu. Nairobi walau walimpa nafasi juu, pamoja na askari. Na Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba waliokufa wapatao 116,000 kwa uchache, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni. Cape Town tayari wamepata mnara wenye majina zaidi ya 1,700 ya wafanyakazi weusi wa vita hiyo, uliozinduliwa Januari 2025.

Sisi tunangoja nini? Hapa Igoma tunajua kazi hii. Wengi waliokufa meli ya MV Bukoba ilipozama, Mei 21, 1996, wamelala kwenye makaburi ya kata yetu, na ndugu zao huja kila mwaka siku hiyo kuwaombea. Hakuna mtu wa nje aliyetufundisha kwamba maiti wa ziwani ana haki ya kukumbukwa.

Kwa hiyo natoa ombi kwa walimu wa historia wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino (SAUT) pale Malimbe: wapeni wanafunzi vijiji wakaulize. Misheni ya Bukumbi ipo tangu 1883. Vitabu vyake vya ubatizo vipitiwe. Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, hapo Kisesa, ni mahali panapofaa kuweka orodha itakayopatikana. Na Halmashauri ya Jiji itenge kiwanja cha mnara, si lazima kikubwa.

Nawe msomaji, kama ukoo wenu una jina la mzee aliyechukuliwa kubeba mizigo ya vita ile, awe alirudi au hakurudi, lilete kwangu kupitia gazeti hili. Andika jina, kijiji alikotoka na nani alimchukua, Mjerumani au Mwingereza. Kama mnalo jina moja tu, bila la baba yake, lilete hivyohivyo.