Kabla ya Kuinua Sururu

Wasomaji wetu wa Kisangani waijua vema reli iendayo Ubundu. Yaanzia ukingo wa kushoto wa mto, upande wa Lubunga, nayo ina urefu wa kilometa 125. Ilifunguliwa mwaka 1906, kwa kuwa maporomoko saba ya Boyoma huzuia meli kupita. Juu ya treni yenyewe watu husema mengi. Leo twapenda kusema juu ya wale waitengenezao njia, wenye sururu, mitaimbo na spana, ambao jamaa zao huwangoja jioni.

Wengi hudhani kwamba pale ambapo treni hupita mara chache, hatari nayo ni ndogo. Sisi twaona kinyume. Penye treni nyingi mfanyakazi hutega sikio saa zote. Penye treni chache sikio hulala. Naye ameinama kati ya reli mbili, nyundo zagonga, mvua yapiga majani ya msitu, na njia yapinda ndani ya miti. Treni ikija siku hiyo, au hata toroli ya wenzake, ataiona ikiwa karibu mno. Kwa hiyo kapita asiulize, “Je, treni yaja leo?” Aulize, “Ikija bila habari, nani ataiona kwanza, naye atatupashaje?” Mtu mmoja asimame mbali, mwenye bendera na filimbi, wala asipewe kazi nyingine yo yote. Na mahali pa kukimbilia paonyeshwe kabla ya kazi kuanza.

Kisha kuna mzigo. Reli yenye kilo 25 kwa kila meta, ikiwa na urefu wa meta 10, ni kilo 250. Wakiibeba watu wanane, kila mmoja huchukua kilo 31 hivi. Mmoja akiteleza juu ya taruma lililolowa, saba huelemewa ghafula. Jua nalo lina sehemu yake. Reli hiyo hiyo ikipata joto la digrii 30 zaidi, hurefuka milimeta 3 na nusu hivi. Nafasi zilizoachwa kati ya reli na reli huzibana, na chuma kilichobanwa chaweza kuruka bolti zifunguliwapo. Kazi iliyo salama saa moja asubuhi yaweza kuwa ya hatari saa saba mchana. Ndiyo maana karatasi iliyoandikwa ofisini mara moja kwa mwaka haitoshi.

Wakubwa wengine hugawa viatu na glavu, wakadhani wamemaliza. Viatu ni vizuri (nani atavidharau, aliyewahi kuona mguu uliopondwa?), lakini havizuii treni. Kwanza hatari iondolewe, isipoondoka, ipunguzwe, viatu vije mwisho.

Sheria ya Kazi ya nchi, ya tarehe 16 Oktoba 2002, yataja kamati ya usalama na afya mahali pa kazi. Kamati hiyo isiwe ya wakubwa peke yao. Mzee aliyepanga kokoto miaka ishirini ajua taruma lipi limelegea. Kijana aliyeajiriwa jana huona yale ambayo mzee ameyazoea hata hayaoni tena. Wote wawili waulizwe, tena pale pale njiani, kabla ya sururu kuinuliwa. Na mama nyumbani, mumewe akiisha kunawa na kuketi, amwulize: leo nani alishika bendera?