Betri Haifuti Kila Nenosiri

Mwandishi wa safu ya kompyuta aliyewashauri wasomaji wachomoe betri ya madabodi wanaposahau nenosiri la BIOS amewapa dawa iliyokwisha muda. Ni kweli, zamani nenosiri lilikaa kwenye kumbukumbu iliyotegemea ile betri ya duara, CR2032, ukiitoa, limefutika. Leo jaribu hivyo kwenye ThinkPad uone. Nenosiri la msimamizi limo ndani ya chipu isiyohitaji umeme ili kukumbuka, na Lenovo wenyewe wanasema likipotea, madabodi ibadilishwe. Kwa Mac za Intel, Apple hutaka kwanza uthibitisho wa ununuzi ndipo walifute. Kompyuta nyingi za mezani za Dell Precision angalau zina jampa ya kulifuta, na mahali ilipo pameandikwa kwenye kitabu cha mwongozo, kile ambacho hakuna anayekifungua.

Kosa kubwa zaidi la makala ile ni kuinyamazia BitLocker, kinga ya Windows inayosimba diski. Fundi akichezea BIOS au akibadili madabodi, Windows inaweza kudai ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48. Huna? Kompyuta itawaka, mafaili hutayaona. Na kama diski haikusimbwa wala kuwekewa nenosiri lake yenyewe, papara ya nini? Itoe, iunganishe na kompyuta nyingine, nakili kazi yako.

Kwa hiyo msomaji, kabla hujashika bisibisi, tafuta risiti ya ununuzi na ufunguo huo wa urejeshaji.