Mashine ya presha imefika kijijini, lakini mchumaji chai yuko shambani

Mhudumu wa afya ya jamii akibisha hodi saa nne asubuhi kwenye kijiji cha wachumaji chai Kericho au Nandi, mara nyingi anayefungua mlango ni nyanya anayelea wajukuu. Mama au baba wa nyumba aliondoka mapema. Yuko kwenye majani, kikapu mgongoni, anatafuta kilo.

Na huyo aliyeondoka ndiye anayefaa kupimwa.

Septemba 2023, Rais William Ruto alizindua kikosi cha wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, wale ambao mashinani wanaitwa CHP. Mkoba wao una mashine ya kupima presha, kipima sukari, kipimajoto na mizani. Wana pia simu yenye mfumo wa eCHIS. Mhudumu anapima, anaingiza namba kwenye simu, na taarifa inaenda kwenye mfumo wa afya bila mgonjwa kupanda matatu. Netiweki ikikosekana, si shida: simu inahifadhi kila kitu, halafu inatuma ikipata mawimbi. Kwa vijiji vya milimani hilo si jambo dogo.

Sababu ya kufanya hivyo ipo. Utafiti wa kitaifa wa STEPwise wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwahi kupimwa hata mara moja. Presha haipigi kelele. Mtu anachuma chai miaka na miaka akijiona mzima, kisha siku moja mkono unakataa kuinuka.

Shida ni kwamba mpango mzima umejengwa kwa kuhesabu nyumba. Kila CHP ana nyumba zake, takriban 100, na kazi yake ni kuzizungukia. Kibarua wa shamba hakai nyumbani mchana. Wengine hata kijijini hawakai mwaka mzima: majani yakiwa mengi wako hapa, kiangazi kikiingia wanafuata kazi kwingine. Na presha haijulikani kwa kipimo kimoja. Inatakiwa mtu apimwe leo, arudiwe baada ya siku kadhaa, kisha afuatwe. Kwa mtu anayehama, kufuatwa ndiko kunakokatika kwanza.

Basi kwa nini mashine isipelekwe shambani? Inawezekana, ila si kwenye mistari ya majani. Aliyetoka kupandisha mlima na mzigo atasoma namba ya kutisha hata kama ni mzima. Anatakiwa akae kama dakika 5, atulie, mkono uwe usawa wa moyo. Anayelipwa kwa kilo hana dakika 5 za kuketi katikati ya kazi. Lakini kwenye kituo cha kupimia majani, wakati foleni ya mizani ni ndefu na lori halijafika, wachumaji hukaa chini na kungoja. Hapo muda upo, na wapo wote.

Namba imetumwa, halafu?

Tuseme mashine imesoma 160 juu ya 100. CHP hawezi kuandika dawa, anaweza tu kumpa mtu rufaa aende zahanati. Hapo ndipo teknolojia inaishia na hesabu ya mfuko inaanza.

Kwenda zahanati ni siku. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa yenye malipo, lakini baada ya kufanya kazi miezi 2 mfululizo. Kibarua wa leo na kesho hafikishi. Kwake, siku bila kuchuma ni siku bila pesa. Mashamba makubwa ya kampuni huwa na kliniki zao, kwa hiyo wa huko ana nafuu. Ila chai nyingi ya Kenya hutoka kwa wakulima wadogo, zaidi ya 600,000 walio chini ya KTDA pekee, na wengi wao huita vibarua wa kuchuma. Hao kliniki ya kampuni hawana.

Chini ya SHA, huduma ya zahanati ni bure kwa aliyejisajili. Sawa. Lakini zahanati ikikosa dawa, mgonjwa anaelekezwa kwa duka la dawa, na dawa za presha si za wiki moja kama za homa. Ni za kila siku. Akikosa pesa mwezi wa pili anaacha, na simu ya CHP bado ina jina lake kama mtu aliyeshapewa rufaa.

Nani anaona?

Kuna jambo lingine ambalo halizungumzwi sana. Ukipimwa pale kwenye mizani, nyapara yuko pembeni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, lakini sheria hiyo haizibi masikio ya aliyesimama hatua mbili kutoka kwako. Kibarua asiye na mkataba anajua kuwa kesho anaweza asiitwe, na hakuna atakayemwambia sababu. Wengi watakataa kupimwa, na huwezi kuwalaumu. Kupima kwenye kituo kunahitaji angalau pazia, na mhudumu anayesema kwa sauti ya chini.

Afya ya jamii iko mikononi mwa kaunti, na baadhi ya mambo haya hayangoji Nairobi. Ratiba ya CHP inaweza kuhamishiwa jioni au Jumapili kwenye maeneo ya chai. Ila nao wana lao: posho ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu, nusu kaunti, na malalamiko ya kucheleweshewa yamesikika mara nyingi. Kumwambia mtu wa namna hiyo aongeze saa za usiku ni lazima uanze na hela yake.

Mgonjwa ambaye presha imetulia naye anaweza kuletewa dawa za mwezi na CHP yuleyule, badala ya kupoteza siku kwenda kuzipangia foleni. Kwa hilo simu na mkoba vipo tayari. Kinachobaki ni kaunti kununua dawa.