Gari Kuukuu na Kijana Mgeni wa Barabara



Wasomaji wetu watukufu, kina mama na kina baba, wiki hii tumeielekeza safu yetu kwa jamaa zetu wanaoishi na kufanya biashara magharibi, kwenye ukanda wa Bumala, Busia na Malaba. Tutakayoyasema, hata hivyo, yanamgusa pia mzazi wa Mombasa na wa Malindi. Ni habari ya kijana aliyetimiza miaka 18, akapata leseni yake, na nyumba nzima ikaketi kushauriana apewe gari gani.

Shauri hilo mara nyingi huishia mahali pamoja. Gari zima la nyumba hubaki kwa baba, naye kijana huachiwa lile kuukuu au hutafutiwa jingine la bei ya chini. Hoja inayotolewa tunaijua sote: ajifunzie hilo kwanza, likigongwa si hasara kubwa. Tunaomba tuipime hoja hiyo kwa utulivu, maana hesabu yake imepungua. Imehesabiwa hasara ya bati, haikuhesabiwa hasara ya mwili ulioketi ndani ya bati.

Kwanza tuwatendee haki wazazi wa mpakani. Busia ndiko linakosimuliwa kuzaliwa jina la boda boda, katika miaka ya 1960, vijana wa baiskeli walipokuwa wakivusha watu na mizigo kati ya kituo cha mpaka cha upande huu na cha upande wa pili. Leo baiskeli zile zimekuwa pikipiki, na mzazi aliyewahi kuona ajali ya pikipiki hulala macho wazi mtoto wake asiporudi. Akinunua gari la zamani, hakusudii ubahili. Anataka kumtoa mwanawe katika hatari hiyo. Nia ni njema, na ni kweli kwamba mwenye mabati pande zote na mkanda kifuani ana hifadhi kuliko aliye juu ya pikipiki. Lakini hifadhi hiyo huwapo tu pale mkanda unapokaza, breki zinaposhika, na bodi inapoweza kustahimili kishindo.

Mpakani jambo hili lina uzito wa pekee. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, iliweka kikomo cha miaka 15. Kwa hivyo katika barabara zile zile huonekana magari ya umri tofauti kabisa, na lililo kuukuu zaidi huwa na bei ya kuvutia zaidi. Hata kikomo cha Kenya huhesabu umri wa gari siku linapoingia nchini tu. Likiisha kuingia, huweza kuuzwa mara ya pili, ya tatu na ya nne, na anayelipokea mwisho mara nyingi ndiye dereva aliye mchanga kuliko wote.

Kwa nini umri wa gari umdhuru kijana kuliko mtu mzima? Kwa sababu mtu mzima ana akiba ya uzoefu. Akiona barabara ya Bumala imelowa mvua ya alasiri, mguu wake hupunguza mwendo kabla akili haijasema. Kijana hana akiba hiyo. Hugutuka, hukanyaga breki kwa nguvu, na hukata usukani ghafla. Hapo ndipo gari lenyewe linapotakiwa kumsaidia. Magari ya miaka ya karibuni mengi yana mfumo unaozuia gari lisiteleze na kupinduka. Toyota huuita VSC, Nissan VDC, na Honda VSA. Uchunguzi uliofanywa Marekani ulionyesha kwamba mfumo huo hupunguza kwa karibu nusu uwezekano wa ajali ya kifo inayohusisha gari moja pekee, na kuanzia magari ya mwaka 2012 nchi hiyo iliulazimisha kwa kila gari dogo jipya. Magari mengi yaliyotangulia hayana msaada huo. Basi asiye na uzoefu amepewa pia gari lisilo na msaada.

Kuna na mifuko ya hewa, ile inayofumuka kumkinga dereva wakati wa kugongana. Wengi hudhani kuwapo kwake kunatosha. Mwezi wa Mei 2009, katika jimbo la Oklahoma, Marekani, msichana wa miaka 18 aliyekuwa akiendesha Honda Accord ya mwaka 2001 aligongana kidogo na gari jingine katika uwanja wa kuegesha magari. Mgongano wenyewe haukuwa wa kuua. Mfuko wa hewa ndio uliopasuka na kurusha vipande vya chuma, vikamkata shingo, akafa. Mifuko hiyo ilitengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani, na baadaye makumi ya mamilioni ya magari ya kampuni mbalimbali yaliitwa yarudishwe kubadilishwa. Ilibainika kwamba kemikali iliyomo huharibika kwa miaka mingi ya joto na unyevu. Sisi watu wa pwani twaijua hali hiyo ya hewa vizuri, na wenzetu wa karibu na Ziwa Viktoria hawako mbali nayo. Anayenunua gari lililokwisha pita mikono mingi na achukue nambari yake ya chesisi, aulize kwa wakala au kwenye tovuti ya kampuni iliyolitengeneza kama liliitwa kurudishwa, na kama lilibadilishwa mfuko. Kazi hiyo kampuni huifanya bila malipo.

Hata hivyo, hatusemi kwamba kila jipya ni salama na kila la zamani ni jeneza. Mwaka 2020 shirika la Global NCAP liligonganisha Nissan mbili za aina ya pikapu: moja mpya iliyouzwa Afrika, na nyingine iliyokwisha tumika, iliyotengenezwa mwaka 2015 kwa soko la Ulaya. Iliyotumika ndiyo iliyomhifadhi dereva wake vizuri zaidi. Funzo ni kwamba tusiulize umri peke yake. Tuulize gari lilijengwa na kinga gani, na kinga hizo zimebaki katika hali gani.

Ukaguzi wa mwanzo mama yeyote anaweza kuufanya kabla hajamwita fundi. Uvute mkanda kwa ghafla. Usipokwama, au kingo zake zikiwa zimechanika nyuzi, haufai. Washa swichi utazame taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi: yapaswa kuwaka sekunde chache kisha izimike. Ikibaki imewaka, mna hitilafu. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu aliyeikata ili kuificha hitilafu hiyo. Soma ubavuni mwa tairi tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2314 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi la mtumba laweza kuwa na meno mazuri na mpira uliokwisha kukauka. Tazama vioo vya taa za mbele. Vikiwa na ukungu wa manjano, kijana hataliona trela lililoegeshwa bila taa kandokando ya barabara ya Malaba. Baada ya hayo ndipo aitwe fundi wa kuaminika, asiwe fundi wa anayeuza, aangalie breki, usukani na kutu chini ya bodi.

Kwa mabinti zetu tunaongeza neno. Mkanda upite chini, juu ya mifupa ya nyonga, nalo buibui lisikusanyike chini yake. Pindo lisifike kwenye pedeli, na mtandio usizibe macho kutazama vioo vya pembeni.

Kisha tugeuze desturi. Ikiwa nyumba ina magari mawili, kijana aendeshe lile lenye kinga zaidi, na baba mwenye uzoefu wa miaka 20 achukue kuukuu. Ikiwa ni moja, waligawane kwa zamu. Ikiwa fedha zinatosha tu gari lisilo na mkanda wa kutegemewa, heri kungoja mwaka mmoja zaidi. Ni kweli kungoja kuna gharama, maana kwa mwaka huo kijana atahitaji kupelekwa na kurudishwa. Gharama hiyo twaijua, na twaona yabebeka. Naye mwenye miaka 16 au 17 asikabidhiwe ufunguo kabisa, hata kwa mwendo wa dukani dakika za kukaribia futari. Sheria haimruhusu, na haraka ya saa hiyo haimfai.

Shirika la Afya Duniani lasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuwaua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Hao ndio tuliokabidhiwa. Wazee walisema rahisi haihalisi. Bei ya gari hupatana mnunuzi na muuzaji, lakini amana ya mtoto haina mnada. Jioni ya leo, kabla ufunguo haujatolewa, na tutoke nje pamoja na vijana wetu, tuuvute ule mkanda.

Wabillahi tawfiq.