Gazeti gani?

Mwezi uliopita rafiki yangu wa Kitivo cha Sheria aliniletea kazi yake ya mwisho wa masomo nimsahihishie lugha. Mahali fulani aliandika kwamba sheria aliyoichambua ilianza kutumika siku 30 baada ya kutoka gazetini. Tanbihi yake ilisema tu: «Gazeti, uk. 3». Nikamuuliza: gazeti gani? Akacheka, akidhani ninamtania. Kumbe habari hiyo aliisoma katika gazeti linalouzwa mjini.

Sikuwa ninamtania. Kwetu neno gazeti hubeba lile la habari na lile Rasmi la Serikali. Kifaransa nacho huyaita yote mawili journal. Lakini mbele ya hakimu hayalingani. Ibara ya 142 ya Katiba ya 2006 inasema sheria huanza kutumika siku 30 baada ya kuchapishwa katika Gazeti Rasmi, isipokuwa sheria yenyewe iseme vingine. Gazeti la habari haliwezi kuanzisha hesabu hiyo.

Simaanishi kwamba mwanasheria asitaje gazeti la habari. Alitaje kwa kazi yake: kuonyesha waziri alisema nini hadharani, au wananchi walibishania nini. Hapo aandike mwandishi, kichwa cha makala, jina la gazeti, tarehe kamili na ukurasa. Na kama ni jarida ambalo kila toleo huanza upya na ukurasa wa 1, ataje toleo pia, maana ukurasa wa 12 wa mwaka huo si mmoja.

Wenzangu wengine husema hayo si kazi ya watu wa lugha. Ninakataa. Ibara hiyo hiyo inaitaka Serikali ieneze sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, katika siku 60 tangu Rais aitangaze. Kiswahili ni mojawapo. Asiyesoma Kifaransa huipata sheria kwa maneno ya redio na ya gazeti. Sisi tukichanganya majina, yeye atajuaje lililo sheria na lililo habari?

Rafiki yangu alikwenda kutafuta Gazeti Rasmi. Akakuta kifungu cha mwisho kinasema sheria ile inaanza siku ile ile ya kutangazwa. Siku zake 30 hazikuwepo. Aliandika upya sura nzima, lakini aliiandika kabla ya kukaa mbele ya walimu.